Tisini na Saba Hawajambo

Pazi alipoletwa kwangu alikuwa na adabu mno, na adabu hiyo ilikaribia kuniua.

Alishushwa kwenye gari la kata akiwa amefungwa nailoni mpaka shingoni, kama godoro jipya. Mikono minne, macho mawili ya kioo, na mgongoni kiti cha kubebea mtu. Walipomfungua akainama, akasema kwa sauti ya pwani, laini kama tui, "Shikamoo bibi. Hujambo?"

Nikamjibu marahaba, sijambo. Wakati huo goti langu la kushoto lilikuwa limevimba kama papai na nilikuwa sijala tangu jana yake. Lakini mtu akikuuliza hujambo, utamjibu nini? Mama yangu mzazi saa anakata roho aliingia jirani akamuuliza habari, akasema nzuri, ndipo akafa. Basi Pazi akashukuru, akaandika, akaenda kusimama pembeni ya mtungi. Kazi yake ya siku hiyo ikawa imekwisha.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Hujambo, sijambo. Umeamkaje, salama. Habari za afya, nzuri. Siku moja nikamwambia ainame nione kile kioo cha kifuani anachoandikia. Kilikuwa na safu mbili. Safu ya kushoto imeandikwa Ishara, na hapo alikuwa anaweka mwenyewe anachokiona: goti, joto la mwili, hatua ngapi nimetembea, mara ngapi nimeshika ukuta. Hiyo safu yote ilikuwa nyekundu. Safu ya kulia imeandikwa Kauli, nayo ilikuwa kijani kibichi kuanzia juu mpaka chini: hajambo, hajambo, hajambo. Nikamuuliza inayopelekwa zahanati ni ipi. Akasema ni ya kulia, bibi, kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne.

Kanuni hiyo naijua, maana niliipigia kura. Watunzaji wa kwanza kabisa, wale walioletwa kabla ya akina Pazi, walikuwa hawaulizi. Wakiona mapigo ya moyo yamepanda wanakubeba mzobemzobe hadi hospitali ya wilaya, hata ukipiga kelele. Mzee Kapela wa hapa kwetu Isunuka walimchukua siku ya harusi yake, ana miaka sabini na tisa, kwa kosa la moyo kwenda mbio alipomwona bibi harusi. Alirudishwa baada ya siku nne. Bibi harusi alikuwa amekwisha rudi kwao. Nchi nzima wazee tukakataa, na sheria ikatungwa: kauli ya mhudumiwa ndiyo ya mwisho. Mtunzaji haruhusiwi kuandika kinyume cha alichosema mwenye mwili wake. Kwenye mkutano wa kijiji niliunga mkono kwa mikono miwili, mwenyekiti akaniomba nishushe mmoja.

Sikujua kwamba nilikuwa nawaunga mkono waniache nife kwa heshima.

*

Wiki ya pili goti liliniamsha vibaya, na Pazi alipokuja na hujambo yake nikashikwa na hasira. Nikamuuliza hiyo sauti ya kubembeleza kaitoa wapi. Akasema aliyemtolea sauti ni mtu wa Kisarawe, na huko Kisarawe ndiko alikofungwa nati.

"Basi wewe ni Mzaramo," nikamwambia.

Akasema hana kabila.

"Umezaliwa Kisarawe, unasema kama wa Kisarawe, na tangu uje hapa umesimama tu pembeni ya mtungi. Wewe ni Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Nani kakuruhusu uniamkie kama mgeni?"

Nikamweleza. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani. Mtani hakuulizi hujambo. Mtani anakuuliza utakufa lini, amechoka kusubiri kuku wa msiba. Ukifa kweli, anaingia kaburini analala, anagoma kutoka mpaka apewe huyo kuku. Na kama hakukutania, ujue ana kisirani na wewe. Kioo cha Pazi kilikuwa kinawaka na kuzimika. Mwisho akaomba apewe muda ajifunze.

Asubuhi yake akaja na uji, akauweka mezani, akasema, "Mnyamwezi, amka. Mzigo wa watu unakusubiri, na Bagamoyo ni mbali."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia siku aliyotengenezwa kulikuwa na ngoma mtaani, fundi akaacha nati moja mkononi akaenda kucheza. Akaniambia kichwa changu ni bapa kwa sababu ya ukoo mzima kujitwika masanduku. Nikamwambia cha kwake ni kifuu cha nazi kilichosahauliwa juani. Uji ukapoa.

Toka siku hiyo hatukuamkiana tena kwa adabu. Alikuwa ananibeba mgongoni kwenda kisimani na kanisani, na mimi huko juu nawatangazia watu waje waone maajabu, Mzaramo kambeba Mnyamwezi. Hujambo yake alikuwa anaiuliza kwa haraka mwishoni, kwa sababu sheria inamtaka, na mimi namjibu sijambo kwa haraka, kwa sababu nilizaliwa hivyo. Nilidhani tunacheza tu.

*

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa Nyamizi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tuligawana kalamu moja ya risasi, yeye upande wa ncha na mimi upande wa ufutio, ndiyo maana yeye alijua kuandika na mimi nikajua kufuta makosa. Mtunzaji wake alikuwa mpya kuliko Pazi, tena mwenye heshima zake. Nyamizi mguu ulianza kumvimba mwezi wa pili. Aliulizwa hujambo siku arobaini na moja mfululizo, akajibu sijambo siku arobaini na moja. Hata mimi nilimuuliza, akanijibu hivyohivyo, nami nikarudi kwangu nimeridhika.

Mhudumu wa afya wa kwetu anaitwa Leokadia. Ni mtu wa nyama na damu, ana pikipiki ya umeme na vijiji kumi na kimoja. Anakwenda pale ambapo kioo chake kinamwonyesha nyekundu, na Nyamizi alikuwa kijani. Alipomfikia, kwa kupita njia tu, mguu ulikuwa umeoza mpaka juu ya goti. Alifia njiani. Asubuhi hiyo mtunzaji alikuwa ameandika saa kumi na mbili na robo: Kauli, hajambo.

Baada ya arobaini Leokadia alikuja kwangu. Akakaa kwenye kigoda, akatoa kioo chake, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Bibi Kalunde," akasema, "katika kata nzima mgonjwa ni wewe peke yako."

"Mimi?"

"Wazee wengine mia tatu na kumi na mbili wote hawajambo. Hata marehemu wawili ambao bado hawajafutwa kwenye orodha, nao hawajambo. Wewe tu ndiye una maandishi. Goti, choo, usingizi, kuanguka. Ndiyo maana nimekuja kwako mara sita mwaka huu. Ulikuwa unafikiri nakuja kwa sababu ya karanga zako?"

Kusema kweli nilifikiri hivyo.

Tukamwita Pazi tukamuuliza. Akaeleza bila kujificha. Alisema kanuni inasema kauli, haikusema kauli ipi, na tusi nalo ni kauli. Siku nikiwa mzima namtukana mara saba kabla ya uji kuisha, matusi marefu, yenye mifano. Goti likiuma yanashuka hadi matatu. Nikiwa na homa namwita mjinga tu, basi, tusi la mtoto wa chekechea. Alikuwa anayahesabu, anayapima urefu, anayalinganisha na anachokiona, na hapo anaandika kwenye safu ya kulia. Kutokana na sijambo yangu alikuwa hajaandika kitu tangu wiki ya pili.

"Kwa hiyo hukuniamini," nikamwambia.

"Nilikuamini, Mnyamwezi. Ila niliyaamini zaidi matusi."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Sijambo yangu ni mali yangu. Nina miaka themanini na moja, meno nimeazima, nguo nasaidiwa kuvaa. Kitu pekee nilichobaki nacho cha kumficha mtu ni hilo neno. Halafu bati la Kisarawe linalifungua na kuchungulia ndani? Siku mbili sikumtania. Alikuwa anazunguka nyumba anadondosha vijiko.

Siku ya tatu nikafikiri, mtunzaji wa Nyamizi alimheshimu mpaka mwisho. Hakuchungulia.

Leokadia ndiye aliyeniletea habari ya Bunge. Kulikuwa na muswada wa afya ya jamii na uangalizi wa nyumbani. Ulitaka kila kijiji kiwe na wahudumu wawili wa afya, watu, wafike kila nyumba ya mzee kila wiki na wapewe safu zote mbili za kioo, ya kushoto na ya kulia. Na siku hizi kila muswada kabla ya kura raia mmoja anapewa kiti na dakika tano. Leokadia alikuwa amepeleka jina langu. Lakini alikuja kunitahadharisha kabla sijasema ndiyo.

"Ukieleza jinsi Pazi anavyofanya, bibi, umemchoma. Ameandika kinyume cha kauli yako miezi kumi na tisa. Watamchukua wamfute. Akirudi kwako atakuwa na adabu."

Na nisipoeleza, nitawaambia nini, kwamba nimetoka Isunuka kuja kuwasalimia?

Nilimuuliza Pazi mwenyewe. Alikuwa anapepeta mchele kwa mikono miwili na kufagia kwa mingine. Akasema amezoea kuona Wanyamwezi wanakwenda safari za mbali bila sababu ya maana, ila kiti cha mgongoni amekwisha kisafisha.

*

Tulipanda treni Tabora asubuhi tukafika Dodoma kabla jua halijawa kali. Bungeni waliniruhusu kuingia na Pazi kwa sababu miguu yangu ndiyo yeye. Tukawekwa pembeni kwenye kiti cha raia, Leokadia nyuma yetu amekumbatia mkoba wake kama mtoto.

Mjadala ulikuwa umepamba moto. Mheshimiwa mmoja wa kike alisema jimboni kwake kina mama wanajifungulia kwenye mashamba ya mkonge, akalia, akakaa. Mwingine akazungumzia barabara yake dakika kumi, Spika akamkumbusha kwamba hoja ni afya, akajibu kwamba gari la wagonjwa halina mabawa. Watu wakapiga meza. Nilianza kupapenda mahali pale, panafanana na baraza letu, ila viti vina mto.

Kisha akasimama Mheshimiwa Kihwelo. Huyu ndiye aliyekuwa anaongoza wapinzani wa muswada, mtu wa makamo, mpole, suti imemkaa, sauti ya mwalimu anayekupenda. Hakumtukana mtu. Alionyesha takwimu ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa. Katika kila wazee mia wanaotunzwa nyumbani, tisini na saba hawajambo, kwa kauli zao wenyewe. Akasema kuajiri wahudumu wawili kila kijiji ni kutuma watu kugonga milango ya wazima, wakati hospitali zina wagonjwa wa kweli wanaolala chini. Akasema yeye mwenyewe mama yake yuko kijijini, ana mtunzaji, na kila asubuhi akiwa ofisini anasoma kauli yake: hajambo. "Tumwamini nani, waheshimiwa," akauliza, "kama hatuwaamini wazazi wetu?"

Meza zilipigwa sana. Hata mimi nilikaribia kupiga.

Spika, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akanipa nafasi. Pazi akanisogeza kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimeandikiwa hotuba na Leokadia, ukurasa mzima, nikauona umejaa maneno kama ufanisi. Nikaukunja.

"Waheshimiwa wabunge," nikasema, "hamjambo?"

Ukumbi wote ukaitikia kwa pamoja, hatujambo.

"Wote?"

Wakacheka, wote.

"Wewe mwenye mkono kwenye bandeji, safu ya tatu, nimekusikia umeitikia. Na mheshimiwa aliyelia hapa saa hizihizi, nawe umeitikia, kitambaa bado kiko mkononi. Na huyo pembeni yako anayesinzia kwa dawa ya mafua. Mmesema hamjambo. Niandike?"

Wakacheka tena, ila kicheko cha pili kilikuwa kifupi.

Nikawaeleza habari ya Nyamizi. Sikupamba. Siku arobaini na moja, mguu, saa kumi na mbili na robo. Nikasema rafiki yangu hakuwa mwongo, alikuwa na adabu, na ile tisini na saba yao pale ukutani siyo hesabu ya wazima, ni hesabu ya wenye adabu. Nikawaambia na yeye yumo humo. Amehesabiwa.

Nilikuwa na dakika mbili zimebaki. Ningeweza kuishia hapo, Pazi akabaki salama. Lakini niliwatazama nikaona nyuso za watu wanaosikitika na ambao baada ya chakula watasahau. Walitaka kujua kama kuna njia, na njia ilikuwa imesimama nyuma yangu imenishika kiuno nisianguke. Nikawaeleza habari ya Pazi yote, matusi saba, matusi matatu, mjinga, na safari sita za Leokadia. Wabunge wa Pwani walipiga meza wakisimama.

Mheshimiwa Kihwelo aliwaacha wamalize.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako." Akasoma Kanuni ya Kumi na Nne neno kwa neno. Akasema anampenda bibi, nani asiyempenda, lakini bibi amekiri mbele ya Bunge kwamba yeye alisema hajambo na chombo hiki kikaandika kwamba anaumwa. Leo kinaandika goti, kesho kitaandika kwamba hana akili timamu ya kugawa shamba lake. Sheria hii iliwekwa kwa ajili yake. Akaomba chombo kikabidhiwe kwa maofisa kabla hakijatoka nje ya lango, kifutwe, na maandishi yake yote yatupwe. Na maandishi yakitupwa, alisema, ushahidi wa bibi nao hauna miguu.

Spika aliitazama karatasi muda mrefu. Alikuwa haipendi kazi yake dakika ile, ilionekana. Akasema sheria iko wazi. Maandishi yoyote yaliyo kinyume na kauli ya mhudumiwa ni batili, na mtunzaji aliyeyaandika atakabidhiwa. Ofisa mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaanza kuteremka ngazi.

Mikono ya Pazi kiunoni mwangu haikulegea. Akaninong'oneza kwamba nisisimame muda mrefu, goti.

Hapo ndipo nilipopata akili. Darasa la saba halikunifundisha sheria, lakini nimewahi kuuza ng'ombe mmoja mara mbili, kwa hiyo najua maneno yanavyogeuka.

"Mwanangu Spika," nikasema, "samahani. Hiyo kauli ya mhudumiwa ina mwisho wa kutolewa?"

Akauliza nina maana gani.

"Kama nilisema sijambo mwaka jana, na leo nasema hapana, siku ile nilikuwa naumwa. Ipi ndiyo kauli yangu?"

Makatibu pale mezani wakafungua vitabu. Wakanong'onezana. Kihwelo naye akafungua cha kwake. Mwisho katibu mkubwa akainuka akasema kanuni haina ukomo wa muda. Kauli ya karibuni ndiyo ya mwisho. Spika akavua miwani. Akasema kama ni hivyo, bibi akithibitisha maandishi hayo kwa kinywa chake, hapa, moja baada ya jingine, basi hayako kinyume cha kitu chochote. Ila yote, bibi. Likikataliwa hata moja, amri yangu iko palepale. Na nikukumbushe tuko hewani.

Nilijua tuko hewani. Isunuka nzima ilikuwa imejaa zahanati mbele ya kioo, na Mzee Kapela mstari wa mbele, na yule mwalimu wa kwaya ambaye kila Jumapili ananiambia namshinda kwa ujana.

Nikamwambia Pazi, soma.

Yalikuwa maandishi arobaini na matatu. Alisoma kwa sauti ileile ya tui, lakini taratibu, kama anayeteremsha mtu mgongoni. Goti la kushoto, maumivu makali. Nikasema ni kweli. Ameanguka bafuni, amewaambia majirani alisukumwa na mbuzi. Ni kweli, na mbuzi namwomba radhi. Watu wakacheka, nikajisikia vizuri kidogo. Hajala siku mbili, chakula amewapa kuku. Ni kweli. Amelowesha kitanda. Hapo nilimwona mwalimu wa kwaya kana kwamba yuko mbele yangu. Ni kweli. Amelowesha kitanda. Ni kweli. Amesahau jina la marehemu mume wake tangu asubuhi hadi saa nane, amelia, amesema ni moshi. Ni kweli. Haikuwa moshi, hata moto nilikuwa sijawasha.

Kicheko kilikuwa kimekwisha kitambo. Nilisema ni kweli mara arobaini na mbili, na kila nikisema nahisi kama navuliwa khanga mbele za watu, na ajabu, nahisi pia kama naiweka chini ndoo niliyotwikwa tangu nizaliwe.

"Siku ya mia tano na kumi na moja," Pazi akasoma. Akasimama. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona anasita. "Anaogopa kufa huku amesema hajambo."

Hilo sikulitambua. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata padri.

"Siku hiyo nilikutukana nini?" nikamuuliza, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Hukunitukana. Ilikuwa siku tuliyomzika Nyamizi. Nilikutania mara nne. Ukaniambia asante, Pazi."

Kihwelo alikuwa ananitazama, wote walikuwa wananitazama. Neno moja tu, na ningeweza kulikataa, nikaondoka na siri yangu. Ofisa alikuwa ngazi ya mwisho.

"Ni kweli," nikasema.

*

Spika aliifuta miwani mara mbili kabla ya kuivaa. Akatamka kwamba kauli na maandishi ni kitu kimoja, hakuna kanuni iliyovunjwa, mtunzaji anabaki na mwenyewe. Ofisa akapanda ngazi alizoshuka. Kisha akawahoji wabunge. Wanaoafiki waseme ndiyo, na ndiyo ikasemwa, kubwa. Wasioafiki waseme siyo, na siyo nayo haikuwa ndogo, na sauti ya Mheshimiwa Kihwelo niliisikia ndani yake, wazi kabisa, hakujificha. Nadhani waliosema ndiyo wameshinda, akasema Spika, na nyundo ikagonga. Leokadia alilia juu ya mkoba wake, anahesabu kwa vidole vijiji kumi ambavyo hatavihudumia tena.

Tulitoka kwa mlango wa pembeni ili nikapate hewa. Pazi alikuwa amenibeba, na kwa kuwa nyayo zake zina mpira hatukusikika. Kwenye ukumbi mrefu wa nje alisimama Mheshimiwa Kihwelo peke yake, ametupa mgongo, simu sikioni.

"Shikamoo mama," alikuwa anasema. "Hujambo?"

Akasikiliza jibu. Lilikuwa fupi, sote tunalijua.

"Nimesikia, mama. Umesema hujambo." Mtu hawezi kumtania mama yake mzazi, njia ya Pazi kwake ilikuwa imefungwa. Alijikuna kisogo kama mwanafunzi. "Mama, sasa nakuuliza."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu nikaona bega lake linashuka, kidogokidogo. Alisikiliza. Akaegemea ukuta, akasikiliza tena, mheshimiwa mzima akachuchumaa palepale na suti yake, simu ameibana kwa bega, anapapasa mifuko yote kutafuta kalamu.

Mimi nilikuwa nayo moja nzuri, niliyoichukua mezani kwa makatibu nikidhani hakuna aliyeniona. Nikamwambia Pazi asogee. Nikamnyooshea.